Kusafiri na watoto visiwani: acheni bahari ipange ratiba

Familia nyingi za wamisionari wanaohudumia vijiji vya visiwani hupanga ziara kama wanavyopanga mikutano: Jumatatu kijiji hiki, Jumatano kile, Jumapili ibada kisiwa cha mwisho. Ratiba ya namna hiyo ndiyo inayowatoa watu pwani siku ambayo hata wavuvi hawakutoka. Wapeni wenyeji wiki mtakayofika, msiwape siku, na katika kila siku 3 za safari tengeni siku 1 tupu ya kungojea bahari itulie. Wanaoishi na bahari hawashangai mgeni akichelewa. Watashangaa mkitokeza kwenye mawimbi na mtoto mchanga.

Ondokeni alfajiri. Sehemu nyingi za joto upepo hulala asubuhi na kukaza baada ya adhuhuri. Ila mkifika penye matumbawe, jua liwe juu na nyuma yenu: bluu iliyoiva ni kina, kijani ni maji machache, kahawia ni mwamba wenyewe. Jua likiwa usoni maji yote humeremeta rangi moja, na hata nahodha mzoefu hupanda mwamba. Pigeni hesabu mfike kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.

Mafuta yagawanywe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba ambalo haliguswi. Kama kwenda kunakula lita 30, bebeni 90. Hizo zina uzito wa karibu kilo 67, yaani mtu mzima mmoja, kwa hiyo punguzeni mizigo, msipunguze mafuta. Mashine nyingi ndogo za boti za mipigo miwili, ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, huchanganyiwa petroli 50 kwa oili 1, sawa na mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Kitabu cha mashine yenu ndicho cha kufuata. Oili ikizidi plagi huchafuka na mashine hukataa kuwaka. Ikipungua pistoni hukwama, na hilo halitengenezeki baharini. Petroli ya madumu ipite kwenye chujio, maana maji kidogo tu yakiingia mashine huzima, mara nyingi pale mawimbi yanapotikisa tangi. Kisandukuni muwe na plagi 2, spana yake, pini za pangaboi na koleo. Pini imetengenezwa ikatike pangaboi linapogonga mwamba ili gia zipone. Asiye na pini ya akiba atapiga kasia.

Mkishawasha, tazameni kitundu kinachotema maji ya kupozea. Kikikauka, zimeni hapohapo: huenda mwani au mfuko wa plastiki umeziba njia ya maji. Anayeendesha afunge mkononi kamba ya kuzimia mashine. Bila kamba hiyo, akianguka boti huweza kuzunguka na kumrudia na pangaboi lake.

Sasa watoto. Jaketi la kuokolea huchaguliwa kwa uzito, wala msinunue kubwa ili mtoto alikulie. Mvike, mshike jaketi mabegani, mwinue: kidevu kikizama ndani, halimfai. La mtoto mdogo liwe na kola inayoinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu, la sivyo atachomoka kwa chini. Mama asimfunge mtoto kwa mbeleko akiwa ndani ya boti, na mtoto asifungwe kwenye boti kamwe. Boti ikipinduka, fundo halifunguki chini ya maji. Kama hakuna jaketi linalomtosha mchanga, mzazi mmoja abaki naye nchi kavu. Ni uamuzi mgumu, lakini ndio tunaoushikilia kuliko mwingine wowote hapa.

Maji ya kunywa bebeni angalau lita 4 kwa mtu kwa siku, pamoja na ya siku 2 za ziada. Ya kisimani yachemke kwa dakika 1 nzima. Mtoto akiharisha, mchanganyiko ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Chumvi ikizidi ni hatari, basi aliyechanganya aonje kwanza: isizidi ladha ya machozi. Mchubuko wa tumbawe usidharauliwe. Usugueni kwa sabuni na maji safi hadi chembe zote zitoke, maana zikibaki kidonda huchukua wiki kupona.

Mahali pa kulala ni jambo la uhai. John G. Paton, mmisionari Mskoti, alitua kisiwani Tanna, katika Vanuatu ya leo kwenye Bahari ya Pasifiki, mwaka 1858, akajenga chini karibu na ufuo. Machi 1859 homa ilimwua mkewe Mary, na mtoto wao mchanga akafa wiki chache baadaye. Baadaye mwenyeji mmoja alimshauri ahamie mlimani, kwenye upepo. Ilikuwa bado karibu miaka 40 kabla daktari Mwingereza Ronald Ross hajaviona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Ombeni nafasi iliyoinuka, inayopigwa na upepo, mbali na maji yaliyotuama, na chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro. Dozi za dawa za kukinga malaria huenda kwa uzito, basi mpimeni mtoto kabla ya kila ziara. Doksisaiklini, mojawapo ya dawa hizo, kwa kawaida haipewi walio chini ya miaka 8.

Na wageni nao huleta maradhi. Surua iliingia visiwa vya Fiji, vya Pasifiki pia, kwa meli mwaka 1875 ikaua makumi ya maelfu ya watu. Chanjo zote za familia zikamilike, na mtoto akiwa na homa, kikohozi au vipele, ziara iahirishwe, hata kama ibada imeshatangazwa.

Masomo ya watoto yafanyike mkishatua. Kusoma botini huleta kichefuchefu.

Mwachieni mtu wa nchi kavu karatasi yenye njia, idadi ya watu na saa ambayo akikosa habari ataomba msaada. Redio ya VHF, yaani ya mawasiliano ya baharini, isikilize chaneli 16, ya wito na dharura. Mkisharudi, homa yoyote katika mwaka unaofuata ipimwe malaria siku hiyohiyo, na mhudumu wa afya aambiwe mlikotoka.