Jaji wetu hajawahi kushika kamera

Mhariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii nimelisoma mara mbili, mmeuliza mashindano ndani ya kikundi yanawajenga watu au yanawagombanisha, nikaona hili langu kabisa maana niko kwenye klabu ya picha hapa Tanga mwaka wa tatu sasa na tumegombana weee mpaka basi. Jibu fupi ni kwamba inategemea nani anahukumu. Jibu refu ndo hili, mkiona limezidi kateni, ila ya yule mzee msiikate.

Kwanza mjue klabu yenyewe ni ya kina sisi tu, hatuna ofisi wala bango. Tuko kama 17, kuna walimu wawili, binti mmoja wa chuo, jamaa wa picha za harusi (walikua wawili, mmoja kaondoka), wauza duka, na mi mwenyewe nauza spea za pikipiki Ngamiani. Zaidi ya nusu tunatumia simu. Jumapili alfajiri tunakutana bustani ya Jamhuri karibu na ule mnara wa saa, tunazunguka mpaka jua likiwa kali tunaacha, maana kuanzia saa nne hivi mwanga wa huku pwani unapiga utosini, macho ya watu yanageuka mashimo meusi na hakuna pozi litakalokuokoa. Kila mtu anatoa elfu tatu kwa mwezi, hela inaenda kusafishia picha. Na kila mwezi kuna shindano, mada moja, mtu picha moja, lazima iwe imepigwa ndani ya Tanga na lazima iletwe imesafishwa kwenye karatasi. Ya kwenye simu haihesabiwi. Sheria hii ya karatasi watu waliilalamikia mno lakini karatasi huwezi kuivuta kwa vidole wala kuiongezea mwanga, picha ikiwa giza ni giza, unakaa na aibu yako.

Mwaka wa kwanza jaji alikua mmoja wa wale jamaa wa harusi, na ilikua haki yake, kamera alikua anaijua kuliko sote. Mada ya kwanza Mapango ya Amboni. Tumekwenda watu 15 na tumeleta mlango wa pango watu 11, ule unaoonekana ukiwa ndani, kivuli cha mtu katikati, mwanga nyuma yake. Mi nilijipinda chini kwenye mawe nikachafua suruali nikiamini nimepata kitu hakuna aliyewahi kukiona, kumbe nimepanga foleni. Akashinda mwenye lenzi kubwa. Mwezi wa pili akashinda mwenye lenzi kubwa. Wa tatu hivyo hivyo, na maneno ya jaji ni yale yale, hii haina chenga, hii ina chenga, huyu mtu angekaa pembeni kidogo, hapa upeo wa bahari umeinama. Yote kweli, sibishi. Ila sisi wa simu tukaanza kujiona tunachanga hela ya kumsafishia mwenzetu picha, wawili wakaacha kuja, grupu la WhatsApp likawa la vijembe asubuhi mpaka usiku. Mwalimu mmoja akaandika "basi tuwe tunaleta risiti za kamera tu, ya ghali ishinde, tusisumbuane." Tulinuniana wiki mbili.

Sasa mwezi wa sita mada ikawa bahari, na yule binti wa chuo ambaye kwa kawaida hasemi kitu akauliza, kwani bahari si ahukumu mtu wa bahari? Tukacheka. Alafu tukaona kwanini tusijaribu, jaji mwenyewe alishachoka kutukanwa. Babu yake huyu binti ni mvuvi, basi Jumapili tukabeba picha zetu 13 tukaenda zetu Deep Sea pale soko la samaki.

Tulimkuta anashona nyavu. Kusi ilikua inavuma, tukatandika turubai chini na kila picha tukaiwekea mawe kwenye kona zisipeperuke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Makaratasi ya nini hayo, kampeni zimeshaanza?"

Binti akamuelezea. Mzee akanyanyuka, mikono nyuma, akawa anapita mbele ya turubai taratibu kama mtu anayechagua samaki, hainami, anatazama tu. Akasimama kwenye ile ambayo sote tulijua ndo mshindi. Jahazi jeusi, jua la rangi ya chungwa limegusa maji, yaani kalenda kabisa. Kwenye grupu ilipata vimoto mpaka basi.

"Hii ya nani?"

Mwenyewe akasogea kifua mbele.

"Ni wapi hapa?"

"Hapa hapa mzee, Raskazone."

Mzee akamtazama yeye, akaitazama picha. "Mwanangu, jua la Tanga linatoka baharini asubuhi, jioni linakwenda Muheza. Hili linaingia majini. Limepotea njia?"

Jamani! Wachuuzi wa samaki waliokua pembeni walicheka mpaka mmoja akaweka beseni chini. Jamaa akakiri palepale, ile picha kaipiga Unguja, Forodhani, alipokwenda kwenye harusi, na kule ndiko mji unakotazama jua likizama. Hakuiba, kaipiga mwenyewe, ila sheria ni Tanga, akatozwa kreti la soda. Lakini kilichoniuma mimi sio yeye. Mi nimezaliwa hapa, Raskazone nimeogelea tangu sijaanza shule, na ile picha niliitazama siku tatu nzima nikaisifia na wala haikunijia hata kidogo kwamba jua haliko mahali pake. Nilikua naangalia rangi.

Alafu mzee akaokota picha aliyopiga mwalimu kwa simu yake. Mtoto kama wa miaka kumi na miwili ndani ya ngalawa anachota maji kwa kopo la rangi lililokatwa nusu. Picha ina chenga, nusu ya ngalawa imekatwa, imelala upande. Kwa hukumu za zamani hiyo ingekua ya mwisho.

"Hii ndiyo," akasema. "Tazama mkono, alafu tazama jicho. Mkono uko kwenye maji, jicho liko kwenye tanga. Huyu kafunzwa. Hawa wengine wote mmewapanga."

Jaji wetu wa zamani akajikaza akasema, kwa heshima lakini, "Ila mzee hapa bahari imeinama."

"Na chombo nacho kimeinama. Ulitaka bahari inyooke peke yake?"

Tangu siku ile ikawa ndo utaratibu, mada ikipangwa tunatafuta mtu anayekijua hicho kitu, kamera ajue asijue. Tulipoweka baiskeli, na mnaijua Tanga na baiskeli, tulimpelekea fundi. Mi nilikua na picha yangu ya uhakika, nimepiga kwa 1/1000 ya sekunde kwa kamera ya mtumba niliyonunua mwaka jana, spoku zote unazihesabu moja moja. Fundi akaitazama akaniuliza, "Hii umeiegesha?" Nikamwambia hapana mtu anaendesha hapo. Akasema mbona haiendi. Na kweli ilikua haiendi, mtu kakaa juu ya baiskeli kama kapaki hewani. Ikabidi nijifunze upya, spidi ya kamera unashusha mpaka 1/30 ya sekunde, unaanza kumfuata mwendesha baiskeli kabla hajakufikia, unageuka kwa kiuno sio kwa mikono, unabonyeza akiwa usawa wako na unaendelea kugeuka hata baada ya kubonyeza, hapo yeye anatoka safi na ukuta wa nyuma unakua mistari. Nimeshinda barabara ya 13 jioni nzima kama nacheza ngoma peke yangu, watoto wananiigiza nyuma. Katika ishirini unapata moja. Kwa simu ni tabu zaidi maana simu nyingi tundu la lenzi halibadiliki, mwanga ukiwa mwingi ukishusha spidi picha yote inakua nyeupe pe, kwa hiyo wa simu wakawa wanasubiri kwenye saa kumi na mbili jioni. Na bado sikushinda. Alishinda mama kabeba mwanawe na mkungu wa ndizi kwenye keria moja, fundi kasema huyo anajua kugawa uzito.

Idi nayo ilikua na lake. Picha za kanzu tukampelekea fundi cherehani anayeshona kanzu za darizi, akapitia saba akasema hizi kanzu mmefulia tope? Zote zilitoka kijivu. Hapa sasa nimtendee haki jamaa wa harusi, maana ndo alituokoa. Alitueleza kwamba kamera haijui nyeupe wala nyeusi, yenyewe inadhani kila kitu mbele yake ni cha kijivu cha wastani, ikiona kanzu nyeupe imejaa fremu inaona mwanga umezidi inapunguza, ikiona mabuibui meusi inaona giza inaongeza, ndo maana kanzu inafubaa na buibui linapauka. Dawa yake unaibishia, kwenye kanzu unaongeza mwanga hatua moja, kwenye buibui unapunguza. Hata simu nyingi unagusa kioo unapandisha kale kajua kadogo. Dakika tano tu, na miezi yote aliyokua jaji hakuwahi kutwambia hilo kwa sababu jaji kazi yake ilikua kukata. Siku hizi yeye ndo mwalimu wetu na nadhani anafurahi zaidi. Mwenzake aliondoka, kasema hatuwezi kuhukumiwa na fundi cherehani.

Msidhani kila jaji alikubali lakini. Mada ya mapishi tulimfuata mama mmoja anauza vitumbua, tumempiga picha wee mwaka mzima, moshi, moto, mikono, uteo, kila kitu. Tukamuomba atuhukumie. Akafuta mikono kwenye kanga akasema, "Mimi nimo kwenye simu zenu nyote tangu Ramadhani. Hata moja sina. Nihukumu nini sasa, mali yangu?" Akaendelea kugeuza vitumbua. Tulisimama pale kama vibaka. Mwalimu baadaye akatukumbusha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na sura ya mtu sio ya kuchezea, sawa, ila kwa upande wangu yule mama alitosha. Sasa hivi kila picha ya shindano yenye mtu inasafishwa mbili, moja yetu moja ya mwenye sura, na tunaomba kabla. Wengine wanakataa tunaondoka. Bandarini hatupigi kabisa, huko tulishawahi kuitwa pembeni na mlinzi tukakaa juani saa nzima tunafuta picha moja moja.

Kuna kitu kimoja sijakipatia jawabu na nisiwadanganye. Kuna lile shindano la mtandaoni la Wiki Loves Africa, lipo tangu 2014, mtu yeyote anatuma picha za Afrika na zinabaki huru kwa wote kuzitumia. Tuliwahi kutuma kadhaa ikiwemo ya yule mtoto wa ngalawa na hakuna iliyopita. Yule jamaa aliyeondoka akanitumia ujumbe, "mngekwenda na jaji wenu wa nyavu." Nilikasirika ila ukifikiria ana hoja, mtu aliyeko mbali hajui jicho la mtoto liko kwenye tanga kwa sababu gani, anachokiona ni picha iliyolala upande. Mwalimu anasema basi tujifunze kupiga hicho kitu na upeo unyooke, vyote viwili. Kusema rahisi.

Kwa hiyo mkiniuliza yanatugombanisha, ndio, bado. Juzi tu tumebishana mpaka usiku kama mnyororo uliolegea kwenye picha ni kosa la picha au la mwenye baiskeli. Ila lenzi ya mtu siku hizi haitajwi, na wale wawili walioacha mmoja karudi.

Nimalizie ya mzee. Baada ya lile shindano tulimuwekea picha ya mtoto kwenye fremu nzuri tukampelekea kumshukuru. Akaipokea, akaitazama kidogo, akamrudishia mjukuu wake. "Huyu namuona kila siku, jana kanipotezea kopo. Ile ya jua mnayo bado?" Ikabidi tukaisafishe upya, kubwa. Ipo ukutani kwake mpaka leo, juu ya redio, na chini yake kwa mkono wake mwenyewe kaandika kwa kalamu: Unguja.