Kukagua nyumba ya watu Mji Mkongwe

Mdogo wangu, unauliza kama ulikosea kumkwangulia bibi ukuta kwa bisibisi ili umwonyeshe mnunuzi unyevu. Ulikosea, tena sana. Nyumba bado ni yake, wewe ni mgeni uliyepewa ruhusa ya kutazama.

Rudi kwake, piga hodi, usubiri uambiwe karibu. Viatu mlangoni. Muombe radhi kabla ya kutaja kazi, kisha ujitolee kuziba pale kwa chokaa. Saruji usitie: kuta zile za mawe na chokaa hupumua, saruji huufungia unyevu ndani na plasta ikabanduka.

Siku nyengine gonga kwa vifundo vya vidole tu. Plasta iliyoachana na ukuta hutoa mlio wa utupu, huna haja ya kuchimba. Boriti zitazame kwa tochi pale zinapoingia ukutani, ndipo zinapooza kwanza. Ukitaka kutoboa, omba idhini ya mwenyewe, si ya dalali.

Na vyumba vya ndani, jamani, mwambie mapema ili wanawake wajisitiri. Picha usipige mpaka uruhusiwe.