Bawaba isiyo na pini: maswali yenu kuhusu vitu vya kunepa

Tangu nigusie habari ya bawaba kuoza kwa chumvi huku Malindi, meseji zimekuwa nyingi, na wengi mnaulizia hizi mashine zinazopinda badala ya kuwa na viungo. Najibu chache. La boda nimelirefusha kwa makusudi maana ndo mnakokwama wengi.

Assalam aleykum fundi. Nasoma mekanika, mwalimu katutajia mekanizimu za kunepa kisha akapita tu. Ni nini hasa? (Msomaji, Maweni)

Waaleykum salaam. Chukua chupa ya shampuu, ile ya kifuniko cha kufungua kwa kidole gumba, tazama pale kifuniko kinaposhikana na shingo. Hamna pini, hamna springi, ni plastiki ileile imefanywa nyembamba, kama robo ya milimita au zaidi kidogo, inapinda. Basi ndo hiyo. Mashine ya kawaida inapata mwendo kwa vipande vigumu vinavyozunguka kwenye pini, hii inapata mwendo kwa mwili wake wenyewe kunepa. Vipande vinapungua, grisi haihitajiki, na hakuna ule ulegevu wa bawaba kuukuu. Wala si jambo jipya, upinde wa mshale ni mambo hayohayo, na ndege ya akina Wright ya 1903 ilikuwa ikiinamishwa upande kwa kupinda mabawa yenyewe.

Fundi, nina printa ya 3D, natengeneza vishikio vya simu vya kuweka kwenye usukani wa boda. Vile vikucha vya kubana simu vinakatika palepale kwenye shina. Nikaongeza unene, ndo vikazidi kukatika! Ama hii plastiki ya PLA ni feki? (Kijana wa boda, Malindi mjini)

Sio feki ndugu yangu. Sisi mafundi tumezoea kwamba kitu kikikatika unakiongezea nyama, na kwa kitu kinachobeba mzigo, tuseme boriti ya dari, uko sawa kabisa. Lakini kikucha chako hakibebi mzigo, kinalazimishwa kusogea. Simu ina upana wake, kikucha lazima kifunguke milimita 5 kipende kisipende, na kitu kinacholazimishwa kusogea umbali uleule, kadiri kinavyokuwa kinene ndo ngozi yake ya nje inavyovutwa zaidi.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mkazo pale shinani ni 3 × E × unene × umbali wa kusogea, gawanya kwa (2 × urefu × urefu). E ni ugumu wa plastiki yenyewe, kwa PLA weka kama 3,500 MPa (megapaskali, kipimo cha ugumu na cha mkazo). Kwa picha ulonitumia kikucha kina urefu wa milimita 20 na unene 2, kisogee 5, unapata kama 131 MPa. PLA inavumilia 50 hivi. Sasa itakosaje kukatika? Shusha unene uwe 1 na urefu uwe 40, mkazo unaanguka hadi 16 na ushei. Ni mara nane chini, na plastiki ni ileile!

Ila usishangilie bado, kwa sababu nguvu ya kubana nayo imeanguka, tena imeanguka mara 64, maana ugumu wa kikucha unakwenda kwa unene × unene × unene, gawanya kwa urefu × urefu × urefu. Simu itachomoka kwenye tuta la kwanza. Kwa hivyo usiende mpaka mwisho, weka urefu 40 na unene 1.5, mkazo unakuwa kama 25, bado uko salama, halafu nguvu iliyopotea irudishe kwa upana. Upana ndo watu wanausahau kila siku: ukiongeza upana mara mbili, nguvu ya kubana inaongezeka mara mbili na mkazo hausogei. Kama huna nafasi ya milimita 40 basi ukunje huo urefu, uende urudi mfano wa herufi S.

Mambo mengine madogo lakini yanaua. Kona ya shina usiiache kali, izungushe, ufa unapenda kuanzia hapo. Kipande kilaze kwenye printa ili kikipinda kisitenganishe tabaka na tabaka, ukikisimamisha wima umekwisha. Na PLA yenyewe kosa lake liko kwenye jua: ikifika nyuzi 60 hivi inalegea, na boda ilosimama stendi saa saba mchana hapa kwetu unaijua mwenyewe, hata kiti hakikaliki. Tumia plastiki ya PETG, inavumilia mpaka karibu 80. Na hata hiyo usiiache siku nzima imebana kwa nguvu juani, itajizoesha umbo hilo na kusahau kurudi.

Mie ni mvuvi, sanduku la kuwekea simu na betri kwenye boti bawaba zake hazimalizi msimu. Naweza weka hiyo ya plastiki? (Mayungu)

Waweza, mzee wangu, kama kifuniko ni chepesi. Unatafuta polipropilini, geuza chombo utazame ile alama ya pembetatu chini, iwe na namba 5. Majerikeni mengi ni namba 2, hiyo nayo inapinda lakini haistahimili kukunjwa sana kama 5. Chora mstari wa kupinda, upunguze unene pole pole sehemu hiyo tu, nyoosha kingo za mchoro zisiwe kali. Chagua nyeusi kama ipo, jua la baharini linaikausha nyeupe mpaka inavunjika vunjika, ile nyeusi iliyotiwa kaboni inakaa zaidi. Kutu hutaisikia tena.

Nimesikia kuna njia ya kukokotoa bila programu kubwa za kompyuta. Kweli? (Mwanafunzi, Watamu)

Kweli, na ni nzuri sana. Ile formula ya juu ni ya mnepo mdogo, ukipinda sana inaanza kudanganya. Kina Larry Howell na Ashok Midha kule Marekani walionyesha kwamba ufito ulioshikwa upande mmoja na kusukumwa ncha, unaweza kuuchora kama fimbo ngumu yenye bawaba na springi. Bawaba unaiweka si shinani bali mbele kidogo, ili fimbo yako iwe na 0.85 ya urefu wote. Ugumu wa springi yake weka 2.25 × E × I gawanya kwa urefu, na I ni upana × unene × unene × unene, gawanya kwa 12. Kalamu na karatasi tu, na unapata jibu la karibu kabisa hata ufito ukipinda vibaya. Anza hivyo kila mara, kompyuta ije baadaye, mtu anayeanza na kompyuta anapata rangi nzuri nzuri na hajui kwa nini.

Kitu cha kunepa si kitachoka mapema kuliko bawaba? (Gongoni)

Chaweza. Chuma cha kawaida ukikipinda kwa mkazo mdogo wa kutosha kinaweza kwenda mizunguko mamilioni bila kukatika, aluminiamu haina huo msamaha, kila mzunguko unakula kidogo. Lakini wewe uko kwenye mashamba ya chumvi, na maji ya chumvi yanaufuta hata huo msamaha wa chuma. Kwako ni plastiki, au chuma kilichofunikwa vizuri na kukaguliwa.

Wataalamu wa satelaiti nao wanatumia? (Ngomeni)

Sana. Juu kule hakuna hewa, grisi ya kawaida inavukizwa, na chuma kikisuguana na chuma kinaweza kushikana. Kitu kinachonepa hakisuguani. Sisemi kwamba Uhuru, ile satelaiti ilorushwa hapo kwenu 12 Desemba 1970, ilikuwa navyo, nasema ndo sababu wahandisi wa anga wanavipenda.

Geti langu la nyumba je, nitoe bawaba niweke hivi? (Malindi)

Hapana dada, geti ni zito na linafunguka nyuzi 90 na zaidi, mwendo mkubwa hivyo pamoja na mzigo si kazi ya kitu cha kunepa. Nunua bawaba za stenlesi, uliza ya 316, ile ya 304 karibu na bahari inapata madoa. Na bolti nazo ziwe stenlesi.