Fundi, gitaa langu linaweza kutoa sauti za kinanda?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga solo wa kwaya huku Nyakato, Mwanza. Mpiga kinanda wetu amehamishiwa Dodoma kikazi na nyimbo zetu nyingi zimepwaya, hasa zile zenye filimbi na vayolini. Kuna mtu anauza pikapu ya MIDI iliyotumika, Roland GK-3, pamoja na waya wake mnene wenye pini nyingi. Gitaa langu lina umbo la Stratocaster, la kawaida tu. Nikiifunga, nitapata sauti za kinanda kwenye amplifaya yangu? Ni lazima kulichimba gitaa? Na ni kweli kwamba sauti inachelewa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kama hujalipa, subiri kwanza. GK-3 ni kifaa kizuri na nimezifunga kadhaa, lakini peke yake haitoi sauti hata moja ya kinanda. Watu wengi wanaiita pikapu ya MIDI, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Kinachotoka ndani yake bado ni umeme wa kawaida wa gitaa. Kazi ya kuugeuza kuwa MIDI, yaani lugha ya maagizo inayotumiwa na vinanda na kompyuta, inafanywa na kisanduku kingine, na huyo muuzaji wako hajakitaja.

Pikapu tatu zilizopo kwenye gitaa lako, vile vipande vya sumaku chini ya nyuzi, zinakusanya nyuzi zote sita na kuzimwaga kwenye waya mmoja. Ukisimama barabarani asubuhi dagaa wanapouzwa pale Mwaloni Kirumba, unasikia kelele moja. Ukitaka kujua nani ametaja bei gani, lazima umsogelee kila muuzaji umtegee sikio. GK-3 ndiyo inayofanya hivyo: ni kipande chembamba chenye pikapu ndogo sita, kila uzi na ya kwake. Nyuzi sita zinasafiri bila kuchanganyika kwenye ule waya wa pini 13. Pini ya 1 hadi ya 6 zinabeba nyuzi, uzi wa kwanza hadi wa sita. Ya 7 inabeba sauti ya kawaida ya gitaa. Ya 12 na ya 13 zinaleta umeme wa volti 7, chanya na hasi, kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye gitaa, ndiyo maana GK-3 haina betri. Shika mpangilio huo. Siku uzi wa tatu ukinyamaza huku nyingine zinalia, usifungue gitaa kabla hujachukua mita na kupima pini ya 3 ya waya kutoka ncha hadi ncha. Mara nyingi ugonjwa uko hapo.

Sasa kisanduku. Viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ina sauti zake ndani, kama Roland GR-55 iliyotoka 2011: unachomeka gitaa upande mmoja, upande wa pili zinatoka filimbi, vayolini, tarumbeta. Aina ya pili, kama Roland GI-20, haina sauti yoyote. Inasikiliza nyuzi, inatambua noti, kisha inatuma ujumbe wa MIDI kwenda kwenye kinanda au kompyuta. MIDI yenyewe, tangu ilipotangazwa mwaka 1983, haijawahi kubeba sauti. Inabeba maagizo tu: noti fulani ianze, kwa nguvu kiasi hiki, iishe.

Ndiyo maana nakuuliza: kinanda cha kwaya kimeondoka na mpigaji, au kimebaki kanisani? Kama kimebaki, filimbi na vayolini zako zote zimo humo, tayari zimelipiwa. Kakigeuze uangalie mgongoni. Ukikuta tundu la duara la pini 5 lililoandikwa MIDI IN, basi GI-20 na waya wa kawaida wa MIDI vinakutosha, na gharama itapungua sana. Kama kina tundu la USB tu, lazima kompyuta ikae katikati, na mimi sipendi kompyuta katikati ya ibada kama kuna njia nyingine.

Tahadhari moja kuhusu matundu. Kuna pikapu mpya zaidi, GK-5, ambayo waya wake una jeki inayofanana na ya gitaa la kawaida, kwa sababu inatuma mawasiliano ya kidijitali. Hiyo haichomeki kwenye kisanduku cha pini 13 bila kigeuzi kati yao. Ukikuta kisanduku cha bei poa, hakikisha tundu lake ni la pini 13, maana ndilo linaloelewana na GK-3.

Kuchelewa ni kweli, na nitakueleza kwa nini ili usije ukabadilisha vifaa bure. Uzi wako wa sita, ule mnene wa E, unatetemeka mara 82 kwa sekunde. Mtetemo mmoja unachukua milisekunde 12 hivi. Kisanduku hakiwezi kuitaja noti kabla hakijaona mtetemo mzima, na kwa kawaida kinasubiri hata wa pili, kwa sababu pale mwanzo kabisa, piki inapoukwaruza uzi, hakuna noti inayoeleweka, ni mkwaruzo tu. Ukijumlisha na kazi ya kisanduku chenyewe, milisekunde 25 au 30 zinaweza kupita kabla sauti haijatoka. Ni sawa na kumsikiliza mtu kupitia spika iliyo mita 10 kutoka ulipo. Uzi wa kwanza unatetemeka mara 330 kwa sekunde, mtetemo mmoja ni milisekunde 3, kwa hiyo huko juu hutahisi kitu. Unaona sasa kwamba kuchelewa hakuko sawa kwenye shingo yote. Ukipiga kodi nzima, nyuzi nyembamba zinafika kwanza, nene zinafuata.

Wapigaji wazoefu wanalikwepa hili kwa mikono yao. Ukitaka besi au selo, pigia nyuzi nyembamba, kisha kwenye kisanduku shusha sauti hiyo oktava moja au mbili: sikio la msikilizaji linapata noti nzito, kisanduku kinapata mitetemo ya haraka. Vayolini za kundi, ambazo sauti yake inapanda taratibu, hazionyeshi kuchelewa kabisa, unaweza kuzipigia popote. Piano na marimba ndizo zitakuumbua, maana zinaanza kwa kishindo. Kwa nyimbo ulizozitaja, filimbi na vayolini, uko upande mzuri.

Hapo hapo kwenye mipangilio, kila uzi upewe chaneli yake ya MIDI. Chaneli ziko 16, unahitaji 6. Ukiziacha nyuzi zote kwenye chaneli moja, siku ukivuta uzi mmoja kama mnavyovuta kwenye solo, noti zote zinazolia zitavutika pamoja nao. Kisha kipimo cha kuvuta kiwe sawa pande zote mbili: ukiweka nusu toni 12 kwenye kisanduku, na kinanda kiwe 12. Kikiwa 2 upande mmoja na 12 upande mwingine, utadhani gitaa halijatyuniwa.

Kuchimba gitaa? Hapana, si sasa. GK-3 imetengenezwa ifungwe juu ya gitaa bila kutoboa mbao. Kipande cha pikapu kinagandishwa kwa gundi ya utepe, na kile kiboksi chenye swichi kinashikwa pembeni ya mwili wa gitaa. Kuna seti nyingine ya kufungia ndani, nayo inataka nafasi ya saketi, tundu la soketi ya pini 13 na matundu ya swichi. Mbao ikishachimbwa hairudi. Piga miezi kadhaa na ya nje kwanza. Ukiona huwezi tena kuishi bila kifaa hiki, njoo tuongee kuhusu drili.

Kufunga kwenyewe kunataka utulivu wa mchana mmoja. Futa sehemu kati ya pikapu ya nyuma na daraja (pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa) kwa spiriti, maana jasho na mafuta ya mkono vimejaa hapo, na kwa joto letu utepe uliogandishwa juu ya mafuta utaachia katikati ya wimbo. Kipande kikae karibu na daraja kadiri kinavyoweza, kisizidi sentimita 2 kutoka vile vichuma vinavyobeba nyuzi. Kila uzi upite katikati ya pikapu yake. Ukikaa pembeni, jirani anausikia na noti zinaingiliana. Hakikisha pia hujakiweka kinyume, uzi wa kwanza ukaangukia nafasi ya sita.

Kisha urefu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa, halafu pima nafasi kati ya uzi na uso wa pikapu. Inatakiwa iwe milimita 1. Mimi natumia kadi ya benki: ina unene wa milimita 0.76, ukiongeza karatasi mbili za daftari unakaribia kabisa. Kadi na karatasi zipite chini ya uzi zikigusa kidogo tu, zisiuinue. Rudia kwa uzi wa kwanza na wa sita, na weka vipande vya kuinulia upande unaohitaji. Uzi ukiwa mbali, kisanduku kinahangaika kuusikia ukipiga kwa upole. Ukiwa karibu mno, ukivuta uzi unagonga pikapu.

Ukimaliza, ingia kwenye kisanduku urekebishe usikivu wa kila uzi. Upige kwa nguvu zako zote, kama siku ya mkesha, na kipimo kisifike juu kabisa. Nyuzi sita, moja moja, bila haraka.

Sasa nikuambie kitu ambacho wauzaji hawakisemi: kisanduku hiki hakisamehe gitaa bovu. Uzi ukikwaruza freti kidogo, sikio lako linapuuza, chenyewe kinaandika noti. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua unyevu unavyokula chuma. Nyuzi zenye kutu hazitetemeki sawasawa urefu wote, na kisanduku kinarukaruka kati ya noti mbili. Kuna kijana alikuja kwangu kutoka Kisesa akiwa amekata tamaa, ameshaazimu kuuza kila kitu. Nikapitisha kidole chini ya uzi wa tatu, kikatoka cha kahawia. Tulibadilisha nyuzi zote, tukanyanyua daraja kidogo, tukasokota kitambaa kwenye zile springi za mgongoni zilizokuwa zinalia zenyewe. Alipiga wimbo mzima bila noti moja ya kigeni, na alicheka hadi machozi. Kwa hiyo weka nyuzi mpya za chuma, rekebisha gitaa kwanza, ndipo ufunge pikapu. Na mkono wako nao ujifunze: inua vidole moja kwa moja, usiviburute, maana kila mguso ni noti.

Amplifaya yako ya gitaa iache kwa ajili ya gitaa. Spika yake imetengenezwa kwa sauti ya gitaa na inakata zile za juu, kwa hiyo filimbi itasikika kama imefunikwa blanketi. Sauti za kisanduku au za kinanda zipeleke kwenye miksa ya kanisa. GK-3 ina swichi ya nafasi tatu: gitaa tu, vyote viwili, au sauti za kisanduku tu. Solo yako ya kawaida haipotei.

Umeme nisiupite. Vifaa vingi vilivyotumika vinatoka Japani, na kule umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Soma maandishi madogo kwenye adapta kabla hujaichomeka. Ikiandikwa 100 tu, usijaribu hata sekunde moja. Tafuta adapta yenye volti, aina ya umeme na mpangilio wa chanya na hasi vile vile kama ilivyoandikwa kwenye kisanduku. Nimepokea kisanduku kilichovuka maji kutoka Ukerewe kikiwa kimeshaungua kwa kosa hilo, na sikuweza kukiokoa. Waya wa pini 13 nao uchomeke na kuuchomoa kisanduku kikiwa kimezimwa.

Kama fedha ni ndogo, kuna njia ya kuanzia isiyohitaji pikapu mpya. Programu inayoitwa MIDI Guitar, ya Jam Origin, inasikiliza gitaa la kawaida kupitia waya mmoja na kutambua noti kadhaa kwa pamoja. Inataka kompyuta au iPad, na kiunganishi cha sauti kinachofaa. Weka bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta inakikusanya kabla ya kukifanyia kazi, iwe ya sampuli 128 au chini ya hapo. Kwa 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ni chini ya milisekunde 3. Kwa mazoezi ya nyumbani inafaa sana, na itakuonyesha mapema kama mkono wako unaweza kuzoea.

Ukienda kwa huyo muuzaji, nenda na gitaa lako na mtu mwenye kisanduku cha pini 13, hata cha kuazima. Ishikilie GK-3 juu ya nyuzi karibu na daraja, piga uzi mmoja mmoja ukitazama kipimo chake, kisha utikise waya taratibu kwenye ncha zote mbili huku noti inalia. Sauti ya uzi wowote ikikatika wakati unatikisa, waya huo umekwisha, mwambie apunguze bei yake.