Saucha na santosha ukiwa umepanga chumba kimoja

Mkuu, pole na baridi. Umeuliza utazifuataje saucha na santosha za yoga, yaani usafi na kuridhika, wakati umepanga chumba kimoja Uyole, Mbeya, maji ya bomba yanakata vidole na wenzako wote wanajenga.

Angalia mkeka kwanza. Wangu niliuweka karibu na jiko la mkaa, ukashika moshi na masizi, nikawa naahirisha mazoezi nikidhani ni uvivu. Siku hizi nautundika kwenye kamba, jiko linabaki nje (mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, usicheze nao). Kuoga alfajiri ya Julai sijilazimishi: nanawa uso, mikono na miguu kwa maji vuguvugu ya kwenye chupa ya chai. Saucha ni ya kichwa pia, kwa hiyo simu naigusa baada ya mazoezi.

Santosha ndiyo inanitoa jasho. Ni ya pili kati ya niyama 5 (kanuni za yoga za kujiongoza mwenyewe), na haikukatazi kutafuta. Mimi mwenyewe kiwanja bado nakitaka. Ila jioni, kabla ya kufungua magrupu, nahesabu kilichopo: debe la viazi, mahindi nusu gunia, kodi imelipwa. Jirani yangu alipofunga lenta nilienda kumbebea zege. Wivu ulipungua palepale, mgongo ukauma siku mbili.