Dubu wa mtoto aliyefumuka kwapani

Dadangu, umeuliza kama dubu wa kuchezea wa binti yako, aliyefumuka kwapani, atashoneka kwa mkono. Atashoneka vizuri tu. Mjaze sufi au pamba kavu kabisa, maana kwa unyevu wetu wa Mombasa huota ukungu upesi. Kunja kingo ndani, uzi uwe wa polista, fundo lifiche. Pitisha sindano ndani ya mkunjo wa upande huu, kisha upande wa pili mkabala wake, ukipanda hivyo kama ngazi. Kila baada ya mishono michache vuta taratibu, mpasuko ujifunge na uzi usionekane. Hapo usifanye haraka, ndipo kazi ilipo. Jicho lililong'oka, kwa mtoto chini ya miaka 3 usirudishe kifungo, kinaweza kumkaba, lidarizi kwa uzi. Ukienda kununua uzi Biashara Street, mchukue dubu mwenyewe ulinganishe rangi.