Anti, ulimi wangu mzito, naweza kuwa somelie, yaani mtaalamu wa waini restoranti?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni weita wa restoranti, mwaka wa 3 huu, pale kazini kuna mzee wa waini namwangalia anavyoongea na wateja naitamani sana ile kazi, ila nikionja waini nyekundu 3 zote naona moja tu, halafu nyumbani wanasema ntaishia mlevi. Niachane nayo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiachane nayo kabisa. Ulimi wako si mzito, haujazoezwa tu, hata mi nilianza hivyohivyo. Usionje moja leo nyingine wiki ijayo, weka glasi 2 pamoja, mfano Pinot Noir na Cabernet Sauvignon, zote ni waini nyekundu, halafu jiulize ipi inakuachia ukakasi kwenye fizi kama chai ya rangi iliyokaa sana, huo ukakasi ni tanini inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na Cabernet ganda lake nene ndo maana inakaba zaidi. Ipi inakujaza mate? Hiyo ina uchachu zaidi. Andika kwa maneno yako mwenyewe.

Nyumbani waambie waini tunaionja halafu tunaitema. Ukimeza kila glasi, ukifika ya 6 pua haikwambii kitu tena.

Vyeti vipo, WSET, shirika la mafunzo ya waini, wana levo 4, Court of Master Sommeliers, chama cha masomelie, nao 4, na ile yao ya juu kabisa kwenye kuonja unapewa waini 6 dakika 25 useme ni zabibu gani na imetoka wapi, bado nadharia na kuhudumia. Watu wanairudia miaka. Kwa hiyo usikimbilie kulipa ada, anza stoo, omba uhesabu chupa na huyo mzee, ujue chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za 150, ukimimina kwa huruma zinakuwa 4 na hasara ni ya restoranti.

Halafu muangalie vizuri mteja akiwa na wageni wake. Hawezi kutaja bajeti mbele yao, we fungua orodha, weka kidole kwenye bei umuulize "ya aina hii?", atakuelewa na heshima yake imebaki. Mi hapo ndo naona kazi yetu ilipo hasa.

Leo mkifunga, muombe mzee tone moja moja la zilizobaki kwenye chupa za kuuza kwa glasi. Na daftari usisahau.